Makanisa Mawili na Shamba la Nyokabi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba yangu, likanifikia karibu na magoti, nikasimama mbele ya Paroko pale misheni ya Eldoret nikitoka jasho ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Paroko ni padri anayesimamia parokia nzima. Huyu alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya mkulima, mtu wa pikipiki, na sikumbuki kuona hata siku moja viatu vyake vikiwa havina matope. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu.

“Wewe sasa ni katekista,” aliniambia. “Katekista ni mdomo wa padri mahali ambapo padri hafiki. Mdomo hauongezi maneno yake mwenyewe. Unaelewa?”

“Naelewa, Padre.”

“Vizuri. Huko utakutana na Waprotestanti. Watakuuliza swali moja tu: imeandikwa wapi? Usikasirike.”

Nimestaafu sasa, mgongo umepinda, na bado nimekasirika. Wala hasira yangu si juu ya Waprotestanti peke yao, mtaona. Vijana wa parokia wameniomba nieleze kazi ya ukatekista ilivyokuwa zamani zetu. Nitaeleza, lakini anayetafuta maneno ya kupaka mafuta aende kwa mwingine.

Kazi ilikuwa hivi. Parokia iligawanywa katika vigango, yaani makanisa madogo ya mashambani ambako padri alifika kwa nadra kusoma Misa. Siku nyingine zote kigango kilikuwa mikononi mwa katekista. Niliongoza sala za Jumapili, nilizika, niliandaa wachumba, nilipatanisha waliogombana kwa sababu ya mbuzi, na zaidi ya yote nilifundisha wakatekumeni. Mkatekumeni ni mtu anayejiandaa kubatizwa, na siku hizo maandalizi hayakuwa mchezo. Mtu alifundishwa kwa muda mrefu. Nilimtembelea nyumbani, nikauliza majirani kama anakunywa, kama anapiga mke, kama anasalimiana na ndugu yake. Mwishoni, siku ya kuwateua watakaobatizwa, Paroko alisimama mbele ya waumini wote akaniuliza kwa sauti kuhusu kila mmoja: “Mwalimu, huyu anastahili?” Nami nilijibu kwa sauti. Bila neno la katekista hakuna aliyepita.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Moi's Bridge, katika mashamba makubwa ya mahindi ambayo bado yalikuwa ya Wazungu. Nilifundisha kwenye laini, yaani safu za vibanda vya wafanyakazi, baada ya ng'ombe kukamuliwa. Mkubwa wangu huko alikuwa Katekista Mkuu, mzee mkali wa Kinandi aliyeijua katekisimu yote kwa moyo, maswali na majibu. Ukikosa neno moja alikurudisha mwanzo kama mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama kwa saa nzima bila karatasi, na kunyamaza ninapoulizwa nisilolijua.

Baadaye nilihamishwa kwenda shamba moja karibu na Burnt Forest. Mzungu alikuwa ameuza akaenda kwao, na watu waliokuwa vibarua wake, pamoja na wengine waliotoka mkoa wa kati kama wazazi wangu, walikuwa wameungana katika kampuni wakalinunua. Ukungu haukuisha kule. Watu walilima viazi, mahindi na pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, wakaishi kwenye vibanda wakisubiri mpimaji wa ardhi aje kuwagawia kila mwenye hisa kipande chake. Hakukuwa na kanisa. Kulikuwa na ghala la ngano la yule Mzungu, refu, la mabati, na kampuni ikatuazima sote. Wakatoliki tulisali kwanza, Waprotestanti wakaingia tulipotoka.

Watu hawakwenda nyumbani. Walibaki kwenye baraza la ghala wakibishana dini mpaka njaa iwashinde, na mimi nilikuwa katikati yao kama jogoo.

Pale ndipo nilipoijua vizuri tofauti yetu. Mprotestanti akitaka kujua kama fundisho ni la kweli, anafungua Biblia aone liko wapi. Kama halimo, halimfungi mtu, hata likisemwa na nani. Akikuta mahali penye fumbo anatafuta mahali pengine palipo wazi zaidi, Maandiko yajifafanue yenyewe. Mkatoliki anafungua Biblia hiyo hiyo, lakini haisomi akiwa peke yake. Anauliza mitume waliwaachia nini wale waliowasikia kwa masikio yao, na hao nao wakawaachia nini waliofuata. Hayo tunayaita Mapokeo: imani iliyopokezanwa kwa mdomo, kwa sala na kwa desturi, sambamba na ile iliyoandikwa. Wasomaji wakitofautiana, maaskofu pamoja na Papa wana mamlaka ya kusema neno la mwisho.

“Mwalimu, nyinyi mnaombea wafu,” aliniambia siku moja mzee wa kanisa lao. “Hiyo maneno imeandikwa wapi?”

“Kitabu cha Pili cha Wamakabayo.”

“Hiyo kitabu haiko kwa Biblia yangu.”

“Na kwa Biblia yako imeandikwa wapi vitabu vinatakiwa kuwa ngapi? Si ni Kanisa ndiyo ilikaa chini ikasema hiki ndani, hiki nje?”

Watu walicheka pande zote mbili. Lakini mzee yule hakuwa wa kuchezewa. Alinitajia watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume, waliomsikiliza Paulo na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama anasema kweli. “Kama Paulo mwenyewe alichunguzwa,” akasema, “Papa yenu anaogopa nini?” Nilimjibu kwamba Paulo huyo huyo aliwaambia Wathesalonike washike aliyowafundisha kwa mdomo na kwa barua, yote mawili. Tuliendelea hivyo, na nilifurahia. Kulikuwa na jambo moja tu lililoniuma. Biblia zao zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa. Mama zao walikuwa wamejifunza kusoma wakiwa watu wazima kwa sababu tu walitaka kujionea imeandikwa wapi. Zetu zilikuwa mpya.

Katika darasa langu la wakatekumeni alikuwamo Nyokabi. Hakujua kusoma, lakini alikaa mbele na kuuliza mpaka nikachoka. Alikuwa mke wa pili wa Njuguna. Mke wa kwanza, Wairimu, alikuwa amebatizwa zamani, na wanawake hao wawili walilima pamoja kama dada. Nyokabi ndiye aliyekuwa na mkono wa pareto. Mashina aliyoyashika hayakufa, na pareto yake ndiyo iliyonunua sehemu kubwa ya hisa za Njuguna. Hilo kila mtu kwenye shamba alilijua, na Njuguna mwenyewe, kabla hajabadilika, alikuwa akijisifia nalo: “Mimi nina mke mwenye kulisha kampuni.”

Tatizo la Nyokabi tulilijua. Kanisa halimbatizi mke wa pili akiwa bado ndani ya ndoa hiyo, wala halimbatizi mume mwenye wake wawili. Nilimweleza hivyo tangu mwanzo. Alisema, “Sawa Mwalimu. Mimi nitakaa hapa mlangoni mpaka Mungu aone njia.” Akaendelea kuja.

Mpimaji alipotangazwa kuwa anakuja, kamati ya kampuni ilifanya jambo la busara. Iliamua kwamba mwenye hisa aliye na wake zaidi ya mmoja ataje nyumba zake, na mpimaji ataweka mpaka wa kila nyumba, ili mjane asije akanyang'anywa baadaye. Wengi walishukuru. Njuguna hakushukuru. Alikuwa amekwisha kumwahidi mfanyabiashara mmoja wa mjini nusu ya ardhi yake, apate kununua lori. Shamba likigawanywa nyumba mbili, lori lingekwenda wapi?

Wiki hiyo hiyo Njuguna akaja darasani kwangu, kofia mkononi, uso wa mtu aliyetubu. Alitaka kubatizwa. Alisema Roho amemgusa, na kwamba yuko tayari kuondoa kizuizi. Kizuizi ndilo neno tulilotumia kwa jambo lolote linalomfungia mtu njia ya sakramenti. Kizuizi chake kilikuwa Nyokabi.

Nyokabi alinifuata nikifunga mlango wa ghala.

“Mwalimu, Njuguna anasema kanisa imekataa mimi. Ati nirudi kwa baba yangu. Baba yangu alikufa.”

“Kanisa inasema hawezi kuwa na wake wawili.”

“Hiyo najua, ulinifundisha. Mimi siulizi mambo ya kitanda, hiyo akae nayo. Mimi nauliza shamba. Nitapanda wapi? Watoto watakula Baba Yetu?”

Nilipanda basi kwenda mjini kumwona Paroko.

Niwe mwadilifu kwake. Paroko yule hakuwa mtu mbaya. Alilala kitanda cha kamba, aliwapeleka wagonjwa hospitali kwa mgongo wa pikipiki yake, alikula ugali na mboga za kienyeji bila kukunja uso. Nilimweleza yote: pareto, lori, mpimaji. Nikamwomba jambo moja. Njuguna asiteuliwe kwa ubatizo mpaka kwanza amkatie Nyokabi shamba lake mbele ya kamati.

“Kanisa limesema mke mmoja,” alinijibu. “Bwana wetu amesema hapo mwanzo haikuwa hivyo, na Kanisa limepokea neno hilo tangu mitume. Sina uwezo wa kulibadilisha.”

“Silibadilishi, Padre. Nasema amwache kwa haki.”

“Ardhi ni jambo la kamati. Sisi tunashughulika na roho zao.”

“Padre, kuna mahali katika Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na moja. Mtu ana wake wawili, mmoja anampenda, mwingine hampendi. Mungu anamkataza asimnyime mtoto wa yule asiyependwa haki yake ya urithi. Ni kesi hii hii.”

Alivua miwani akaifuta. “Mwalimu, huo ni mtindo wa Kiprotestanti, kuchomoa aya moja na kuipigia ngoma. Maandiko tunayasoma pamoja na Kanisa zima. Na Kanisa halijaweka sharti hilo unalolitaka. Tukianza kuweka masharti yasiyotoka juu, kila katekista atakuwa Papa mdogo.”

“Na Kanisa zima, Padre, limewahi kufundisha kwamba mtu anaweza kuiba shamba kwa njia ya ubatizo?”

“Wewe ni mdomo,” alisema. “Kumbuka.”

Nilitoka nikiwa na moto kifuani. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia Waprotestanti kwamba uzuri wa kuwa na Kanisa lenye mamlaka ni huu: kitabu hakiwezi kukutazama usoni, lakini Kanisa ni mama, linaona shida yako, linaweza kusema neno jipya kwa shida mpya. Sasa shida mpya ilikuja, na mama akasema mikono yake imefungwa.

Nikafanya jambo ambalo katekista hakutakiwa kufanya. Nilikwenda kwa Mchungaji. Nilijiambia: hawa ni watu wa kitabu, na kitabu kiko upande wa Nyokabi. Nikiwaonyesha imeandikwa wapi, watasimama naye mbele ya kamati, na Paroko ataona haya.

Mchungaji alikuwa kijana kuniliko, mwenyeji wa nyanda hizo, mwalimu wa shule kwa kazi, msomaji hodari. Alinikaribisha chai.

“Leo Mkatoliki amekuja na Biblia mkononi!” alisema. “Bwana asifiwe. Kwanza Njuguna alianza kwangu, unajua? Nilimwambia kwa Timotheo imeandikwa mume wa mke mmoja.”

“Hiyo imeandikwa kwa askofu. Njuguna anataka kuwa askofu?”

“Kanuni ni ile ile.”

“Sawa. Sasa soma hapa.” Nikamfungulia Kumbukumbu la Torati. Kisha Kutoka, pale panaposema mtu akioa mwingine asimpunguzie yule wa kwanza chakula wala nguo. Kisha Malaki, mahali Mungu anaposema anachukia mtu kumwacha mke wake. Kisha Paulo kwa Wakorintho, kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo. “Nyinyi mnasema Biblia peke yake. Iko hapa, peke yake.”

Alisoma aya zote. Najua alisoma vizuri, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi.

“Ndugu yangu,” akasema mwishowe, “hii ni Torati. Sisi tuko chini ya neema. Na huyo Paulo huwezi kumsoma hivyo, lazima uangalie anasema na nani, kanisa yetu imekuwa ikifundisha...”

“Ngoja! Kanisa yenu imekuwa ikifundisha? Hiyo sasa imeandikwa wapi?”

“Mwalimu, punguza sauti.”

“Na zaka? Jumapili nilikusikia nikiwa nje ukisoma Malaki mpaka mabati yakalia, watu walete zaka. Malaki ya zaka iko chini ya neema, na Malaki ya mke iko chini ya Torati? Ni sura mbili tofauti za kitabu kimoja!”

“Zaka ni kitu ingine,” alisema, akaangalia chai yake.

Mnaona sasa? Mkatoliki nilimpelekea mahitaji ya mtu, akajificha nyuma ya sheria. Mprotestanti nilimpelekea aya, akajificha nyuma ya desturi ya kanisa lake. Kila mmoja aliacha silaha yake aliyojivunia maisha yote na kuazima ya mwenzake, siku moja tu, kwa ajili ya kumnyima mwanamke kipande cha ardhi. Kwa miaka mingi hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote, hata juu ya hesabu ya vitabu vya Biblia. Juu ya Nyokabi walikubaliana bila hata mkutano. Njuguna alikuwa mtu wa maana kwenye shamba, mwenye hisa nyingi, na kila kanisa lilikuwa likitafuta mahali pa kujenga. Sitaki mtu aniambie hilo halikuwa na uzito.

Siku ya uteuzi ikafika. Ghala lilijaa. Paroko alisimama mbele ya meza tuliyoifanya altare, amevaa kanzu nyeupe, akaita mmoja mmoja. Mwalimu, huyu anastahili? Anastahili, Padre. Mwalimu, huyu anastahili? Anastahili, Padre. Akafika kwa Njuguna, ambaye alikuwa amevaa suti mpya.

“Mwalimu, huyu anastahili?”

“Huyu hastahili, Padre.”

Paroko aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Nikajibu tena, kwa sauti kubwa zaidi, wasikie hata wale Waprotestanti waliokuwa wakingoja nje. Nikasema mtu huyu anamtoa mama wa watoto wake shambani mikono mitupu, na anamtumia Mungu kama panga. Wairimu, mke wa kwanza, akasimama upande wa wanawake na kusema, “Na mimi sikuitisha hiyo! Mimi sikusema Nyokabi aende!” Akakaa akilia. Paroko uso ulimwiva. Akampita Njuguna, akaita aliyefuata.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe nilimfungia mlango mmoja mtu mwenye nyumba ya milango miwili. Njuguna alitoka kwetu akiwa na suti yake, akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji. Kule hawakuwa na katekista wa kuulizwa mbele ya watu. Walimwuliza mwenyewe kama anaamini, na kama amebaki na mke mmoja. Akasema ndiyo na ndiyo. Walimzamisha katika bwawa la Mzungu huku wakiimba, na alipoibuka alikuwa amejichagulia jina jipya: Yakobo. Yakobo! Yule wa Biblia, mume wa wake wawili, Lea na Raheli! Nilikuwa nimesimama ukingoni, nikaangua kicheko kibaya, na hakuna aliyenielewa.

Mbele ya kamati Yakobo Njuguna alisema ana nyumba moja, na kanisa ni shahidi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kusali sana, aliwageukia Mchungaji na Paroko waliokuwa wamealikwa. Mchungaji akasema Yakobo ni mume wa mke mmoja. Paroko akasema mbele ya Kanisa Katoliki pia ndoa inayojulikana ni ile ya kwanza. Nyokabi aliomba kusema.

“Mimi niko na maneno mbili tu,” alisema. “Kama mimi ni mke, nipeni shamba ya mke. Kama hawa wazee wa Mungu wanasema sikuwa mke, basi miaka yote hiyo nilikuwa nani pale? Nilikuwa mwenzake wa kununua. Nipeni shamba ya mwenye hisa.”

Naapa sijasikia, katika Kanisa langu wala lao, mahubiri yaliyonyooka kama hayo. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Alisema hisa zimeandikwa jina la mwanamume, na makanisa yote mawili yameongea, yeye ni nani? Mpimaji aliweka mawe ya mpaka wa nyumba moja. Kabla ya mavuno Yakobo aliuza nusu, na lori likaja. Nyokabi alifunga vyombo vyake, akachukua watoto, akaenda Langas, kule pembeni mwa mji, akapanga chumba na kufanya vibarua vya kupalilia mashamba ya watu.

Mimi nilirudishwa Moi's Bridge. “Si adhabu,” aliniambia Paroko, na wote wawili tulijua ni adhabu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya maparoko kadhaa. Katika vigango vyote nilivyopitia niliweka kanuni yangu. Mwanamume mwenye wake wawili akija kutaka ubatizo, nilimwambia: twende kwanza unionyeshe shamba la yule utakayemwacha. Si kwa maneno. Nilitaka kulikanyaga kwa miguu yangu, nimwone mama mwenyewe akiwa na jembe lake ndani, nimsikie akisema hapa ni pangu. Wengine waligeuka wakaenda kwa Waprotestanti. Wengine walikata shamba. Paroko mmoja Mwafrika, kijana aliyesoma Roma, aliniuliza hiyo desturi nimeitoa kitabu gani, au mtaguso gani wa maaskofu.

“Nimeitoa Langas, Padre,” nikamwambia.

Hakuniuliza tena, wala hakunizuia.

Sasa nimestaafu, na karibu na stendi ya Eldoret kila jioni vijana wanasimama na vipaza sauti, Wakatoliki huku, Waprotestanti kule, wanarushiana aya. Debe tupu haliachi kuvuma. Wajukuu wangu, wanaoniita guka, yaani babu, wananiletea mabishano hayo kwenye simu: “Guka, nani ako right?” Msidhani sina msimamo. Mimi ni Mkatoliki na nitazikwa Mkatoliki. Naamini kitabu bila watu waliokibeba ni kosa kubwa la Waprotestanti. Naamini pia kwamba wao ndio waliotufundisha kukifungua, na tuliwashukuru kwa matusi. Tofauti hizo ni za kweli, watu wenye akili wamezifikiria kwa muda mrefu, nami nilizifundisha mpaka sauti ikaisha. Lakini nikiwasikia vijana hawa wakizipigia kelele, damu inanichemka. Najua jinsi mtu mwenye lori kichwani anavyoweza kupita katikati ya njia zote mbili bila kukwaruzwa.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Langas kumtafuta Nyokabi. Nilimkuta kwa bintiye, amezeeka, macho yameanza kufifia, ulimi ni ule ule. Hakuwahi kujiunga na kanisa lolote. Alininywesha chai, tukakaa nje kwenye jua. Nikamweleza mambo ambayo sikuwahi kumwambia: nilivyokwenda kwa Paroko, nilivyokwenda kwa Mchungaji, aya nilizowafungulia, majibu waliyonipa. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo ya mke asiyependwa,” alisema, “kweli iko ndani?”

“Iko, mama.”

“Na wote wawili walikuwa wanaijua?”

“Walikuwa wanaijua.”

Alisugua goti lake. Nilidhani analia, lakini alikuwa amekasirika, hasira ya mtu mzima ambayo haina kelele.

“Wewe Mwalimu,” akasema, “watu wanasema bado unafundisha watoto mambo ya Katoliki na Protestanti.”

“Wakiniuliza.”

“Wakikuuliza usiwachoshe na kitabu. Waambie tu hiyo shamba ilikuwa yangu.”

Basi nimewaambia. Ilikuwa yake.